Kwanini vyuma hukaza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Benki Kuu, bajeti na mzunguko wa hela

Nauza vifaa vya ujenzi Dodoma, saruji, nondo, misumari, rangi, na kabla ya duka nilisoma uchumi chuo. Kwahiyo wateja wakijua hilo hawaniachi, wengine wanaulizia juu ya kaunta huku wanasubiri mzigo upakiwe, wengine wananitumia WhatsApp saa nne usiku. Maswali ni yaleyale, kwanini vyuma vinakaza, yaani hela inakuwa ngumu mtaani, na majibu yangu huwa yanaanzia kwenye kitu wachumi wanachokiita "mahitaji ya jumla". Nimeyaweka hapa yote sehemu moja, mifano mingi ni ya Tanzania maana ndo naiona kila siku kwenye daftari langu la mauzo.

Hayo "mahitaji ya jumla" ndo nini hasa?

Ni hela yote ambayo watu, biashara, serikali na wageni wako tayari kuitumia kununua vitu na huduma za hapa nchini kwa kipindi fulani, tuseme mwaka. Unajumlisha matumizi ya kaya (unga, nauli, vocha, ada ya mtoto), unaweka uwekezaji (mtu anajenga fremu, kiwanda kinanunua mashine), unaweka matumizi ya serikali, afu unaongeza tunachouza nje na kutoa tunachonunua nje.

Neno "mahitaji" linawapotosha wengi. Mtu anayehitaji nyumba lakini hana hata hela ya kuchimba msingi hahesabiki humu, anayehesabika ni yule aliyekuja na hela ya tripu moja ya mchanga. Na ukilishika hili mengine yote yanakuwa mepesi: matumizi yako ni mauzo ya mwenzio. Wewe ukiahirisha kupiga lipu mwezi huu, fundi wako hajaingiza kitu, mama lishe anayempikia fundi kauza sahani chache, na mimi mifuko yangu 20 ya saruji imebaki stoo.

Sera ya fedha na sera ya bajeti si kitu kimoja?

Hapana. Sera ya fedha ipo mikononi mwa Benki Kuu, yaani BoT, inacheza na riba na wingi wa hela kwenye mabenki. Sera ya bajeti ni ya Wizara ya Fedha na Bunge, inahusu kodi, matumizi na mikopo ya serikali. Zote mbili zinasukuma au kubana mahitaji ya jumla ila zinapita njia tofauti, na kwa maoni yangu hapa kwetu ya bajeti inafika mtaani haraka zaidi. Nitaeleza huko chini kwanini.

BoT ikibadilisha riba inanifikiaje mimi mtu wa kawaida?

Tangu Januari 2024 BoT inaendesha sera yake kwa riba. Zamani ilikuwa inaangalia zaidi wingi wa hela, inapanga ziongezeke kwa kiasi fulani afu inahangaika kuzibana au kuziachia. Siku hizi inatangaza Riba ya Benki Kuu, ile CBR mnayoisikia kwenye taarifa ya habari, kila baada ya miezi mitatu. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili 2024 ikapanda mpaka 6, Julai 2025 ikashushwa mpaka 5.75.

Sasa hiyo riba sio ya kwako wala yangu. Mabenki yanapofunga hesabu za siku mengine yanakuta yana ziada na mengine yamepungukiwa, kwahiyo yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe, na BoT inataka riba ya mikopo hiyo ya siku 7 isiende mbali na CBR zaidi ya pointi 2 juu au chini. Ikianza kupanda sana maana yake hela zimeadimika kwenye mabenki, BoT inaingiza hela. Ikiporomoka maana yake hela zimejaa, BoT inazinyonya.

Kutoka hapo ndo safari ya kuja kwako inaanza. Benki ikipata hela kwa bei nafuu inatarajiwa ikopeshe kwa bei nafuu, mwenye kiwanda aone mashine inalipa akope, mfanyakazi achukue mkopo wa kumalizia boma lake lililokaa miaka minne bila paa, wote hao wanakuja kununua kwangu na kwa wenzangu. Riba ikipanda kinyume chake, mwenye hela anaona bora aiweke benki imzalie na mwenye mpango wa kukopa anasubiri kwanza. Kuna njia nyingine ya dola, riba za hapa zikiwa chini sana ukilinganisha na za nje wenye hela kubwa wanakimbilia dola, shilingi inalegea, mafuta na mbolea vinapanda bei. Na kuna njia ya matarajio tu, wafanyabiashara wakiamini BoT itazuia bei zisipande hawapandishi bei kwa woga.

Lakini usitegemee BoT ikitangaza leo kesho uone kitu. Inachukua miezi, mara nyingi inafika hata mwaka, na kwa mtu ambaye hajawahi kukopa benki maishani inamfikia kwa kuzunguka sana. Mama anayeuza mchicha sokoni Majengo mtaji wake ni kikoba na mkopo wa jirani, CBR ikiwa 5 au 7 yeye anaisikia tu redioni.

Mbona CBR ni 5.75 halafu benki inanikopesha kwa 15 na zaidi?

Hili ndo swali namba moja, na mara nyingi linaulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa.

Benki haikopeshi hela ya BoT tu, kwa sehemu kubwa inakopesha amana za watu, na hizo nazo inazilipia. Mwenye hela nyingi anaenda kujadiliana na kwa amana ya muda maalum anaweza kutoka na zaidi ya asilimia 10. Ongeza gharama za matawi, ulinzi, mishahara, afu ongeza hasara ya wanaokopa na kupotea. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ilikuwa zaidi ya asilimia 10 ya mikopo yote mwaka 2017, sasa imeshuka chini ya asilimia 5 ambayo ndo kiwango BoT inachotaka, ila riba haijashuka kwa kasi hiyohiyo. Wastani wa riba za mikopo umekaa kwenye 15 na kitu kwa muda mrefu. Mimi naona hapo mabenki yana cha kujibu.

Chini ya hapo kuna kausha damu. Unapewa laki moja, ndani ya mwezi urudishe laki na elfu 30, umeweka friji au kadi ya pikipiki kama dhamana. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi. BoT ishushe CBR kwa robo pointi, mtu aliyebanwa na mkopo wa namna hiyo haoni mabadiliko yoyote, na watu wa namna hiyo ni wengi kuliko wenye mikopo ya nyumba. Ndo maana nasema bomba la sera ya fedha kwetu lina maeneo mengi yanayovuja kabla maji hayajafika kwenye ndoo.

Kwa haki niseme pia kuna wakati lilifanya kazi vizuri. Julai 2021 BoT ilitenga shilingi trilioni 1 kuyakopesha mabenki kwa asilimia 3 kwa sharti kwamba wao wakopeshe kwa isiyozidi 10, na benki inayokopesha kilimo kwa masharti hayo ikapunguziwa akiba ya lazima, ile hela ambayo kila benki inatakiwa iiweke BoT. Mabenki makubwa yakashusha riba ya mikopo ya kilimo mpaka tarakimu moja. Kwahiyo sharti likiwa limeandikwa wazi, riba inashuka.

Ule wakati wa "vyuma vimekaza", kuanzia 2016, nini kilitokea kiuchumi?

Kwangu hili ndo somo kubwa kuliko yote kwasababu vitu vingi viligonga mahitaji ya jumla kwa wakati mmoja.

Serikali ilibana matumizi yake kwa nguvu na kwa haraka. Safari za nje zikakatwa, semina na vikao vya hotelini vikafutwa, sherehe zikaahirishwa na hela zake kupelekwa kwingine, wafanyakazi hewa wakaondolewa, wakandarasi na wazabuni wakaambiwa madeni yao yanahakikiwa kwanza. Halafu amana za taasisi za umma zilizokuwa kwenye mabenki ya biashara zikahamishiwa BoT. Hiyo ya mwisho watu wengi hawaielewi uzito wake. Benki iliyozoea kukaa na mabilioni ya mashirika ya umma ikaamka asubuhi haina, haina cha kukopesha, na wateja wake waliokopa kwa kutegemea tenda za serikali nao hawalipwi, kwahiyo mikopo chechefu ikapanda. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ukadorora vibaya.

Sasa kitu kinachochanganya ni kwamba serikali haikuacha kutumia. Reli ya SGR ilianza, ndege zilinunuliwa, barabara ziliendelea, na takwimu zilionyesha uchumi unakua kwa zaidi ya asilimia 6. Ila hela ilibadilisha njia. Ukinunua Bombardier hela inakwenda Kanada, ukinunua Boeing inakwenda Marekani, kwenye ile hesabu ya mahitaji ya jumla unaandika matumizi ya serikali upande mmoja na upande wa pili unayatoa kama manunuzi ya nje. Hela ya semina ya siku tatu hotelini, pamoja na ubadhirifu wake wote, ilikuwa inabaki hapahapa kwa mwenye hoteli, mpishi, muuza kuku, dereva teksi na mtu wa photocopy.

Sisemi semina zirudi. Kubana ubadhirifu lilikuwa jambo sahihi na wafanyakazi hewa walikuwa wizi. Ninachosema ni kwamba ukitoa tofali nyingi kwenye ukuta kwa siku moja bila kuweka nguzo, ukuta unayumba hata kama tofali zenyewe zilikuwa mbovu.

BoT iliona na ikajaribu kulegeza. Riba yake ya kukopesha mabenki wakati huo ilikuwa asilimia 16, Machi 2017 ikashushwa mpaka 12, Agosti ikawa 9, mwaka uliofuata 7, na akiba ya lazima ya mabenki ikatolewa kutoka asilimia 10 kwenda 8. Kwenye vitabu huo ni ulegezaji mkubwa sana. Mtaani hatukuona kitu kwa muda mrefu, maana benki iliyoungua haikopeshi hata ukiipa hela rahisi, na mfanyabiashara asiyekuwa na wateja haendi kukopa hata riba ikishuka, akope apeleke wapi?

Hapo ndo nilipoanza kuamini ninachokiamini sasa, kwamba mkono wa Hazina ukikaza kwa nguvu, mkono wa Benki Kuu peke yake hauwezi kulegeza.

Serikali ikitumia shilingi laki moja, mzunguko unaongezeka kwa shilingi ngapi?

Chukua madarasa ya UVIKO, yaani ya hela za Covid. Septemba 2021 Tanzania ilipata mkopo wa dola milioni 567.25 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kama trilioni 1.3 za shilingi, na sehemu yake ikaenda kujenga madarasa 15,000, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (matawi ya shule za msingi). Darasa moja milioni 20. Na yalitakiwa yaishe ndani ya miezi michache kabla wanafunzi hawajafungua Januari.

Ile miezi sijaisahau. Daftari langu la Novemba 2021 lina kurasa nyingi kuliko miezi mitatu ya kabla yake ukiijumlisha. Saa moja asubuhi nafungua nakuta Canter mbili zinasubiri, mwalimu mkuu ameshika karatasi ya mahitaji iliyokunjwa mara nne, fundi yupo pembeni anabishana nae kuhusu nondo za milimita 12 au 10. Jioni mafundi wanalipwa kwa siku, wanashuka kwa mama Rehema pale pembeni kula wali maharage, mama Rehema akaongeza sufuria, baada ya wiki mbili akaja kwangu kununua mabati sita ya kuezeka kibanda chake. Yaani hela ya IMF ilitoka kwa mwalimu mkuu ikaja kwangu, kwa fundi, kwa mama Rehema, na nyingine ikarudi kwangu tena.

Hiyo ndo wachumi wanaiita kizidishi. Kinadharia fundi akipata laki akatumia elfu 80, anayepokea hizo 80 akatumia 64, na kuendelea, ukijumlisha mpaka mwisho unapata laki tano. Lakini uhalisia hauko hivyo, kila hatua kuna kinachovuja: kodi, akiba, na kubwa kuliko yote vitu vya nje. Fundi akinunua drili ya China au simu, hiyo hela imeondoka. Ukichukulia kwamba kwenye kila laki inayopokelewa ni elfu 40 tu inayotumika tena kwa vitu vya hapa, jumla yote inaishia kama laki na elfu 67. Bado ni zaidi ya laki, ila sio laki tano.

Kwahiyo serikali inatumia KWENYE NINI ni muhimu kuliko inatumia kiasi gani. Saruji inatengenezwa hapa, mchanga na kokoto vya hapa, mbao za Mafinga, marumaru siku hizi zinatoka Mkuranga na Chalinze, mikono ni ya hapa. Darasa linabaki na hela nyingi ndani. Ndege haibaki na kitu zaidi ya mishahara ya wanaoihudumia. Na hela za TASAF kwa kaya maskini zinabaki karibu zote kijijini, kwasababu mtu mwenye njaa haweki akiba wala hanunui gari, ananunua unga, chumvi, sabuni na daftari kwenye duka la jirani.

Kupunguza kodi si sawasawa na kuongeza matumizi?

Karibu sawa ila nguvu ni ndogo kidogo, maana ukimpunguzia mtu kodi sehemu anaweka akiba kabla hata haijaanza kuzunguka. Kima cha chini cha PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, kilishushwa kutoka asilimia 11 kwenda 9 mwaka 2016 na kwenda 8 mwaka 2021, mfanyakazi wa mshahara mdogo alibakiwa na elfu chache, zikaenda kwenye nauli na vocha.

Kodi ikiongezwa tunaiona vizuri zaidi. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 15, 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala mmoja. Mimi nilikuwa napokea malipo ya wateja wa Kondoa na Mpwapwa kwa simu, ndani ya wiki mbili wakarudi kwenye mtindo wa miaka ya nyuma wa kumpa dereva wa basi bahasha. Tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, ikapunguzwa tena 2022, na ya kutuma ikafutwa kwenye bajeti ya 2023/24. Ile haikukata tu matumizi, ilikata kasi ya hela kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kasi ni nusu ya mchezo.

Si wachapishe tu hela wagawe?

Mahitaji yataongezeka kweli, ila mahindi shambani hayataongezeka kwasababu umechapisha noti. Hela nyingi zikikimbiza gunia zilezile, bei ya gunia inapanda. Zimbabwe walifika mpaka noti ya dola trilioni 100 mwanzoni mwa 2009 na haikutosha manunuzi ya maana. Kenya wakati wa uchaguzi wa 1992 hela zilimwagwa, mfumuko wa bei 1993 ukafika kama asilimia 46, na riba ya dhamana za muda mfupi za serikali ikapita asilimia 70 ili kuzirudisha hela benki. Na sisi miaka ya themanini wazazi wetu waliishi na mfumuko wa asilimia 30 na foleni za sukari, serikali ikiwa inakopa sana BoT kuziba nakisi.

Kulegeza kunafaa pale ambapo kuna watu na mashine zimekaa bure. Mafundi wakiwa wamekaa kijiweni kutwa, hela mpya inawapa kazi. Mafundi wote wakiwa saiti, hela mpya inapandisha bei ya fundi tu.

Bei zikipanda kwasababu ya mafuta ya nje, BoT inaweza kufanya nini?

Kidogo sana. BoT haina kisima cha mafuta. Inachoweza ni kubana mahitaji ili upandaji wa bei usisambae kwenye kila kitu, lakini ukibana sana unamuumiza mtu ambaye tayari ameumia kwenye pampu. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha mafuta, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni na kuendelea nayo, huo ni mkono wa bajeti, na mfumuko wetu ukabaki chini ya asilimia 5 wakati Oktoba mwaka huo Kenya ilifika 9.6 na Uganda 10.7. Ruzuku haikuwa sababu pekee, chakula chetu cha ndani kilisaidia pia.

Serikali ikikopa ndani inatunyima sisi mikopo?

Inaweza. Fikiria wewe ni meneja wa benki mwanzoni mwa 2022. Hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani wewe unaikopesha serikali kwa miaka hiyo, inalipa asilimia 15.95 kila mwaka, riba yake haikatwi kodi, na serikali haitoroki. Halafu naingia mimi na hati ya kiwanja na daftari la mauzo naomba milioni 40 kwa asilimia 17. Utamkopesha nani? Aprili 2022 hiyo riba ilishushwa mpaka 12.56, wenye hela walilalamika sana, mimi nilifurahi kwasababu tofauti kati yangu na hatifungani iliongezeka na maafisa mikopo wakaanza kupita dukani wenyewe.

Mikono miwili, wa Hazina na wa Benki Kuu, ikivutana inakuwaje?

Kwanza ona ikikaza pamoja, Kenya 2023 na 2024. Benki Kuu yao ilipandisha riba mpaka asilimia 13 Februari 2024 kuokoa shilingi iliyokuwa imefika kama 160 kwa dola, na serikali nayo ilikuwa imeongeza VAT ya mafuta kutoka 8 kwenda 16 na kuweka makato ya nyumba ya asilimia 1.5 kwenye mshahara. Hapo haikuvutana, mikono yote miwili ilikaza shingo moja. Mfumuko ulishuka mpaka 2.7 Oktoba 2024 na shilingi ikarudi kama 129, lakini waliobebeshwa ni wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo, na Muswada wa Fedha wa 2024 ulipoongeza mzigo vijana wakaingia barabarani, watu wakafa, na muswada ukaondolewa mwishoni mwa Juni.

Kuvutana kwenyewe ni pale Hazina inapomwaga hela afu Benki Kuu inapandisha riba kuzirudisha. Unaishia na riba kubwa, serikali inakopa kwa gharama, na mtu binafsi ndo anayeachwa nje.

Riba ya Marekani inanihusu nini mimi wa Dodoma?

Inakuhusu sana. Marekani walimwaga matrilioni wakati wa Covid, wakawatumia wananchi hela mkononi, mfumuko wao ukafika asilimia 9.1 Juni 2022. Benki yao kuu ikapandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 mpaka 5.25 hadi 5.5 Julai 2023. Wenye dola duniani wakazirudisha nyumbani kwao, na 2023 hapa kwetu dola zikawa adimu. Muagizaji wangu wa vitasa na mabomba alikaa wiki saba anasubiri benki impe dola za kulipia kontena, na kontena likifika bei imepanda. Wao walipunguza mahitaji yao na sisi tukasikia maumivu.

Mishahara ikipandishwa si bei zinapanda tu?

Sio lazima. Kima cha chini cha serikali kilipanda kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na Julai 2025 kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 kwenda 500,000. Hiyo ni hela mpya kwenye mahitaji ya jumla moja kwa moja, na wa kipato cha chini anaitumia karibu yote. Bei zinapanda kama hakuna bidhaa za kutosha. Anayeumia ni mtu wa sekta isiyo rasmi ambaye mshahara wake haujapanda lakini mwenye nyumba kasikia tangazo akapandisha kodi ya chumba.

Zanzibar inakuwaje?

BoT ni hiyohiyo moja, kwahiyo riba na shilingi ni zilezile. Bajeti ni yao, na kodi nyingi za ndani ni zao.

Serikali ikichelewesha kulipa wazabuni, hiyo nayo inakazaje vyuma?

Mwaka fulani nilipeleka saruji na mabati kwenye mradi wa taasisi moja ya umma, mzigo wa milioni 38. Ankara ikasainiwa, jengo likaisha, likazinduliwa. Kwenye takwimu hiyo hela imeshatumika, ipo kwenye matumizi ya serikali. Mimi nililipwa baada ya miezi 14.

Miezi yote hiyo nilikuwa nalipa mkopo wa benki wa mzigo ule kwa asilimia 18. Vijana wangu wawili wa kupakia nikawasimamisha, mmoja alikuwa anamsomesha mdogo wake chuo cha ufundi VETA na mdogo mtu akaacha. Mtu wa kiwanda aliyekuwa ananipa mzigo kwa mali kauli akanikatia, akasema hanidai ubaya ila nae anadaiwa. Fundi aliyezoea kuchukua kwangu vitu kwa deni la wiki moja nilimwambia sasa ni keshi, akapoteza kazi mbili kwasababu wateja wake nao hawakuwa na keshi.

Hakuna aliyetangaza kwamba amebana bajeti. Hakuna kikao cha Kamati ya Sera ya Fedha kilichokaa. Lakini milioni 38 zilitolewa kwenye mzunguko kwa miezi 14 bila riba, na mimi ndo niliyeikopesha serikali bila kuulizwa. Ukiwachukua wazabuni wote nchini wenye ankara zilizosainiwa na kukaa, unapata ubanaji ambao hakuna CBR ya kuulegeza. Kwahiyo mtu akiniuliza serikali ifanye nini mtaa uchangamke, kabla ya kutaja riba au kodi au mradi mpya, namwambia ilipe ankara zilizopo mezani ndani ya siku 30.

Hela ile ilipoingia ilikuwa Alhamisi. Ijumaa nilimpigia simu yule kijana mwenye mdogo wake VETA, akaja Jumatatu akiwa amevaa ovaroli yake ileile.